Umbo Hili Tuliiteje?

Kuna kipande cha bati kilichojificha juu ya dari za ofisi, hospitali na maduka, na watu hupita chini yake miaka nenda miaka rudi bila kujua kipo. Ni kiungo cha bomba la hewa. Mdomo mmoja ni wa mraba, mdomo wa pili ni wa duara, na katikati bati linahama taratibu kutoka umbo moja kwenda jingine. Birmingham, mji uliopewa sifa ya kuwa na kazi elfu kwa wingi wa karakana zake, una mafundi wengi wanaoweza kukiunda. Waulize kinaitwaje, watakujibu kinafanya nini: kinatoka mraba kwenda duara. Fungua kitabu cha jiometri cha shule, hukikuti.

Mjadala huu umeanzia kwenye kipande hicho. Wasemaji nimewabuni mimi. Maumbo, majengo na miaka ni ya kweli. Mwalimu ni mstaafu wa hisabati kutoka Tanga, anaishi Sparkhill, hapa Birmingham, kwa mwanawe. Mjukuu wake anasoma usanifu wa majengo. Fundi alianza kugonga bati Kamukunji, Nairobi, na sasa yuko karakana ya mabomba ya hewa huko Tyseley. Mpishi ni mama wa Kiunguja anayepokea oda za sambusa na keki. Mimi nimejiachia haki ya kuingilia kati.

MWALIMU: Jambo lenyewe si gumu. Umbo lina nyuso, kingo na vipeo. Zihesabu. Ukikuta nyuso nne, sema lenye nyuso nne. Ukikuta ishirini, sema lenye nyuso ishirini. Wagiriki walifanya hivyo hivyo, na dunia nzima ikawafuata.

FUNDI: Mwalimu, nisamehe kukukatiza. Hiki kipande changu kina nyuso ngapi?

MWALIMU: Nane. Pembetatu bapa nne, kila moja imeweka kitako kwenye ubavu wa mraba na ncha yake imegusa duara. Kisha kwenye kila kona ya mraba, kati ya pembetatu na pembetatu, kuna kipande cha koni iliyolala upande. Nne na nne.

FUNDI: Hesabu yako ni sawa kabisa. Hizo pembetatu huwa sizigusi. Zile koni ndizo ninazopiga mikunjo midogo midogo kwa mashine mpaka bati likubali kuzunguka. Sasa wewe uko nyumbani, mimi niko karakana. Unanipigia simu, unasema, "Fundi, niundie kitu chenye nyuso nane." Nikuundie nini?

MJUKUU: Na midomo miwili, babu? Ukiiziba inakuwa kumi.

Fundi amegonga penyewe. Tuseme tunaacha nyuso zilizopinda na kubaki na maumbo yenye nyuso bapa tupu, yasiyo na bonde wala tundu. Yenye nyuso nne ni ya aina moja tu. Nyuso tano, aina mbili. Nyuso sita, aina saba. Nyuso saba, aina 34. Nyuso nane tayari ni aina 257, na nyuso kumi ni 32,300. Hapo hatujagusa vipimo. Tunatofautisha tu namna nyuso zinavyopakana. Mtu anayesema "lenye nyuso nane" hajataja umbo. Ametaja ukoo, na akiita, watageuka 257.

MWALIMU: Mnanichukua kwa nusu ya maneno yangu. Sikusema uhesabu nyuso peke yake. Sema ni nyuso za namna gani, na kwenye kila kipeo zinakutana ngapi na zipi. Nikisema pembetatu zilizo sawa pande zote, nane, na nne zinakutana kila kipeo, limebaki umbo moja tu duniani. Kepler mwaka 1619 aliyapanga maumbo 13 kwa utaratibu wa namna hiyo, yale ambayo nyuso zake ni za aina zaidi ya moja lakini kila kipeo kinafanana na mwenzake, na karibu yote tunayaita hadi leo kwa majina aliyoyapa yeye.

MJUKUU: Babu, umejiingiza mwenyewe mtegoni, na mimi mjukuu wako siwezi kukuacha bila kukucheka. Chukua lile lenye nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8. Kila kipeo kinakutanisha miraba mitatu na pembetatu moja. Ni lipi hilo?

MWALIMU: Ni moja katika yale 13 ya Kepler. Nimelichora ubaoni mara nyingi.

MJUKUU: Ni mawili.

Mjukuu ana haki, na hapa ndipo mjadala wote unapogeukia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Litazame umbo hilo kama kitu kilichojengwa kwa vipande vitatu. Katikati kuna mkanda wa miraba minane iliyosimama ikizunguka. Juu yake kuna kofia: mraba mmoja kileleni, na kuuzunguka miraba minne na pembetatu nne zikipishana. Chini kuna kofia nyingine kama hiyo, imegeuzwa. Sasa ishike ile kofia ya juu uizungushe kidogo, nyuzi 45, mpaka kingo zikae sawa tena na mkanda. Hesabu upya. Miraba 18, pembetatu 8, kingo 48, vipeo 24. Kila kipeo bado kinakutanisha miraba mitatu na pembetatu moja. Hakuna namba iliyobadilika hata moja, na umbo si lile. Katika lile la kwanza, mraba wa ubavuni katika kofia ya juu una mwenzake wima chini yake kwenye kofia ya chini. Katika la pili, chini yake unakuta pembetatu.

Umbo hili la pili huhusishwa na jina la Mwingereza J. C. P. Miller, ambaye katika karne ya 20 alikuwa anaunda kielelezo cha lile la Kepler na akaunganisha kofia moja vibaya. Mkono ulikosea, kumbe umepata kitu ambacho orodha za vitabu zilikuwa zimekiruka. Mwaka 2009 mwanajiometri Branko Grünbaum aliandika makala nzima kuwasema wenzake: wanaeleza kanuni ya maumbo hayo kwa namna ambayo inaingiza 14, halafu wanaorodhesha 13 na kusonga mbele, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kila mmoja amenakili kwa aliyemtangulia.

FUNDI: Huyo Miller angekuja kwetu Kamukunji angepewa kazi siku hiyo hiyo. Kosa la kuunganisha tunalijua. Bati halijali umehesabu vizuri. Linajali umegeuza upande gani. Mimi ndio maana nasema jina la umbo liwe namna ya kuliunda. Mkanda, kofia mbili, moja imezungushwa. Ukinipigia simu na maneno hayo, nakuletea kitu chenyewe, hata kama sijawahi kukiona.

MWALIMU: Kila fundi na jina lake, basi? Huyu anaanzia juu, yule anaanzia chini, watoto wa shule wasome lipi?

MJUKUU: Hilo lilishafanyika, babu, tena na mwanahisabati. Norman Johnson, Mmarekani. Mwaka 1966 alitoa orodha ya maumbo yote yasiyo na bonde wala tundu aliyoyapata ambayo kila uso una pande na pembe sawa, ukitoa yale ya Plato, ya Kepler, pamoja na miche na jamaa zake. Alipata 92. Akasema nadhani yamekwisha. Miaka mitatu baadaye Viktor Zalgaller wa Leningrad akathibitisha kuwa kweli yamekwisha. Sasa yatazame majina aliyoyapa: kuba, kuba mbili, kuba iliyorefushwa, kuba iliyozungushwa, kilichopunguzwa, kilichoongezwa. Ni maneno ya mtu mwenye gundi na mkasi.

MPISHI: Kuba gani hiyo yenye kona? Sisi Unguja kuba tunaiona msikitini, ni mviringo.

MJUKUU: Hii ni kuba ya wanajiometri, mama. Ile kofia ya miraba na pembetatu.

MPISHI: Haya. Wameazima.

Johnson hakushinda kila mahali, tukubali. Mwishoni mwa orodha yake yapo machache ambayo hayakatwi wala kubandikwa kutokana na mengine, na hapo alilazimika kuunda maneno kwa kufananisha: kabari, taji, na mchanganyiko wa kabari na taji, mpaka majina yakawa marefu kuliko subira ya msomaji. Lakini nayo yana sheria ndani yake. Kabari yake ina maana moja tu, miraba miwili iliyopakana, kila mmoja na pembetatu mbili kwenye kingo zinazotazamana, na ukishaijua unaweza kuitafuta katika umbo jingine. Mimi hapa nasimama na Fundi. Jina la umbo ni agizo. Jina likishindwa kumzuia msikilizaji asiunde kitu kingine, halijakamilika, hata likiwa la Kigiriki na limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Mpishi, hata hivyo, hajakubali kuwa huu ndio mjadala.

MPISHI: Nyie mnapigania jina la karatasini. Mimi nikimwambia mteja tukutane Rotunda, anafika na keki yake anaipata. Nikimwambia tukutane penye mche duara wa mita 81, atanikatia simu.

MWALIMU: Lakini jengo lile ni mche duara! Rotunda kwa wasanifu ni ukumbi au jengo la duara lenye kuba juu. Pale Bull Ring, hapa Birmingham, kuba iko wapi? Paa ni bapa. James Roberts alilisanifu vizuri sana, mwaka 2000 likaingia kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na jina limepotoka tangu siku ya kwanza.

MJUKUU: Na kwenye orodha ya Johnson, rotunda ni umbo la sita. Nyuso 17: pembetatu 10, pembetano 6, na kitako cha pembekumi. Halifanani na jengo la Bull Ring hata ukilitazama umefumba jicho moja.

MPISHI: Jengo lilikamilika mwaka gani?

MJUKUU: 1965.

MPISHI: Na orodha ya huyo bwana?

MJUKUU: 1966.

MPISHI: Basi yeye ndiye aliyetukuta na jina letu.

Wamecheka wote, hata Mwalimu. Hoja ya Mpishi ina uzito zaidi ya kicheko, ila inahusu kitu kingine. Rotunda ya Birmingham ni moja. Jina lake ni kama jina la mtu: kazi yake ni kuita, na aitwaye Mrefu anaweza kuwa mfupi pasiwe na ugomvi. Umbo la jiometri si mtu, ni aina. Liko popote atakapotokea mtu wa kuliunda. Jina la aina likipotosha, linapotosha kila mahali kwa pamoja.

Watu wa Birmingham ni hodari wa majina ya kuita. Makutano ya barabara ya Gravelly Hill, yaliyofunguliwa mwaka 1972, yana jina rasmi la serikali ambalo wachache hulitamka. Gazeti la mji lilikuwa limeshayaita Spaghetti Junction tangu 1965, yakingali mchoro. Nani atakayekwenda kuwaomba wenyeji warudi kwenye jina rasmi?

Kuna hata hivyo jina moja la mjini lililonishangaza, kwa kuwa lilikuwa la kuita na la kuundia kwa wakati mmoja. Maktaba kuu ya zamani, kazi ya John Madin, ilifunguliwa mwaka 1974: zege tupu, ghorofa za juu zikiwa pana kuliko za chini. Watu waliiita ziggurat iliyopinduliwa. Ziggurat ni minara ya ngazi ya Mesopotamia ya kale, kila daraja dogo kuliko lililo chini yake. Ipindue, umepata maktaba ya Madin. Ilibomolewa na kumalizika mwaka 2016, na mahali pake pamebadilika kabisa. Maktaba mpya yenye masanduku yaliyopangwa juu ya mengine na mche duara wa rangi ya dhahabu kileleni ilikwisha kufunguliwa jirani, mwaka 2013. Mtoto aliyezaliwa baada ya ubomoaji hajaiona ile ya zamani. Mpe maneno mawili hayo na vipande vya mbao, atakupangia kitu kinachoikaribia.

FUNDI: Mimi nina langu la utotoni. Kenya, wakati wa Rais Moi, tulikuwa tunapewa maziwa shuleni, maziwa ya Nyayo, tangu 1979. Pakiti yake tuliiita pembetatu. Maziwa ya pembetatu.

MWALIMU: Pembetatu ni bapa, mwanangu. Haishiki hata tone.

FUNDI: Tulikunywa, Mwalimu!

MWALIMU: Mlikunywa kutoka kwenye piramidi ya kitako cha pembetatu. Nyuso nne, kingo sita, vipeo vinne. Na kampuni ya Uswidi iliyoeneza pakiti za namna hiyo, Tetra Pak, iliyoanzishwa mwaka 1951, imebeba namba nne katika jina lake. Mnaona? Hesabu ya nyuso ilitosha kuuza maziwa dunia nzima.

FUNDI: Ilitosha kwa sababu ya nne ni aina moja tu. Lakini nikwambie inavyoundwa, maana nilipokua ndiyo nilielewa. Unachukua bomba la karatasi. Unaziba mwisho mmoja kwa kuubana hivi, mlalo. Mwisho wa pili unaubana hivi, wima. Basi. Nyuso nne zinatokea zenyewe, hujakata hata moja. Bomba lililobanwa mara mbili, mkingamo. Jina hilo lingenifaa zaidi darasani kuliko piramidi, kwa sababu piramidi inanipeleka Misri na kitako chake ni mraba.

Hapa Mwalimu alinyamaza, nami sikumlaumu. Lakini mzee aliyesomesha miaka mingi huwa hanyamazi kwa kushindwa. Alikuwa anatafuta sarafu.

MWALIMU: Hii ni senti ya Afrika Mashariki ya mwaka 1922. Ile ya tundu katikati. Tazameni herufi ndogo, H. Ni alama ya Heaton, kiwanda cha sarafu cha hapa hapa Birmingham. Imesafiri mpaka Tanga, imeishia mfukoni mwangu, imerudi na ndege. Sasa Fundi, wewe unaunda fremu za bati, zile za mraba zenye kona zilizokatwa mshazari. Tuseme ya ubao, nene, kama ya picha ukutani. Ina nyuso ngapi?

FUNDI: Mbele nne, nyuma nne, nje nne, ndani nne. Kumi na sita.

MWALIMU: Vipeo?

FUNDI: Kumi na sita pia.

MWALIMU: Kingo ni 32, nimekuhesabia. Sasa Euler, katika karne ya 18, alituonyesha kwamba umbo lisilo na tundu, ukijumlisha nyuso na vipeo na kutoa kingo, unapata 2. Mchemraba: 6 na 8 kutoa 12, mbili. Piramidi ya maziwa yako: 4 na 4 kutoa 6, mbili. Fremu yako: 16 na 16 kutoa 32, sifuri. Ile mbili imekwenda wapi? Imepita kwenye tundu. Mtu aliyefungwa macho, akipewa namba tatu tu, anajua kitu kimetobolewa. Hiyo namna yako ya kuunda haiwezi kumwambia hivyo, mpaka ueleze hatua zote.

Ni pigo zuri, na limemkuta Fundi bila ngao. Namba hazitoi jina, lakini hukagua. Mtu akikuletea jina lililojaa maneno ya kubandika na kukata, hesabu nyuso, vipeo na kingo. Visipofika pale vinapopaswa kufika, ama umbo lina tundu ambalo jina halikulitaja, ama aliyekuletea hajui anachosema. Mfano wa wazi uko kwenye barabara za Uingereza. Kibao kinachoelekeza madereva kwenye uwanja wa mpira kina picha ya mpira ulioshonwa kwa pembesita tupu. Mpira wa namna hiyo hauwezekani. Hesabu ya Euler inaukataa. Ule wa kweli, tuliouzoea tangu Telstar ya Kombe la Dunia la 1970, una pembesita 20 nyeupe na pembetano 12 nyeusi, na bila zile 12 ngozi haijifungi kuwa mpira. Mwaka 2017 mwanahisabati Matt Parker alianzisha ombi la kutaka serikali irekebishe picha, zaidi ya watu 20,000 wakatia saini. Serikali ikakataa: madereva wanaelewa, na kubadili vibao ni gharama.

MPISHI: Na mimi ningekataa. Anayekwenda Villa Park anatafuta mpira, hatafuti pembetano.

MWALIMU: Picha ya uongo barabarani, mbele ya watoto!

MPISHI: Mwalimu, sambusa zangu ukizihesabia nyuso utakuta kila moja na idadi yake. Hakuna mteja aliyerudisha.

Kwa hili sitachagua upande. Nitasema tu kwamba kibao ni cha kuita, kama Rotunda, na kosa lake halimpotezi mtu njia. Ila angekuwa ni mshonaji wa mipira amepewa picha ile kama agizo, angekaa karakanani mpaka leo.

MJUKUU: Mmesahau maumbo ambayo hayahesabiki wala hayaungwi. Gömböc, kwa mfano, ya Wahungari Gábor Domokos na Péter Várkonyi, 2006. Haina uso wa kuhesabu. Fundi hawezi kuikunja. Lazima ichongwe kwa usahihi mkubwa mno. Ukiilaza vyovyote, inabingirika na kurudi kukaa pale pale. Jina lake linatokana na neno lao la tufe, halikuambii lolote zaidi.

FUNDI: Kwa hiyo hilo ni jina bovu.

MJUKUU: Siyo. Maelezo yake ni sentensi moja: kitu kisicho na bonde wala tundu, uzito umesambaa sawa, chenye mahali pamoja tu pa kutulia na mahali pamoja tu pa kusimama kwa kuyumba. Jina fupi linasimama badala ya sentensi fupi. Hapo sioni kosa. Afadhali hilo kuliko skutoidi.

MPISHI: Ndiyo nini tena?

MJUKUU: Ya 2018, watafiti wa Sevilla, Hispania. Seli za utando unaofunika viungo, zilizojipanga mahali palipopinda. Ukidhani ni mche, utakosea: juu ina pembe tano, chini sita, na ubavuni ukingo mmoja unagawanyika njia panda. Wakaipa jina kwa kufananisha na sehemu ya mgongo wa mbawakavu. Seli zilikuwa na umbo hilo kabla ya jina, na sayansi ilikuwa ikiziita miche kwa miaka mingi. Hilo ndilo linanisumbua. Jina la karibu-karibu liliwazuia watu wasitazame.

Amesema jambo kubwa kwa sauti ndogo, kisha akaharakisha kutaja duka la Selfridges. Jengo lile la Bull Ring, kazi ya Future Systems ya mwaka 2003, limevishwa visahani vya alumini vipatavyo 15,000 juu ya mwili uliopinda kila upande. Mwalimu alitaka jina lake la jiometri. Halina, na sidhani kama lingemsaidia mtu: wajenzi walihitaji michoro na vipimo vya kila mahali, na jina lolote lingekuwa maelezo ya nusu. Si kila umbo linadai jina. Linalodai ni lile litakaloagizwa tena.

Kwa hiyo wakarudi kwenye nyuso 26, wakakubaliana kulipa lile la Miller jina la Kiswahili ambalo Fundi angeweza kuliunda kwa simu.

MWALIMU: Kuba mbili za mraba.

FUNDI: Bado. Umeziunganisha kitako kwa kitako, mkanda umeusahau. Kuba mbili za mraba zenye mkanda.

MJUKUU: Hilo ni lile la Kepler. Ongeza msokoto. Kuba mbili za mraba zenye mkanda na msokoto.

FUNDI: Msokoto kiasi gani? Mimi nataka nyuzi. Usiponiambia nyuzi, nitasokota ninavyotaka.

MWALIMU: Jaribu usokote unavyotaka. Kitako cha kuba kina pande nane. Ukisokota nyuzi kumi, kingo hazikutani, umepata kitu chenye meno pembeni. Zinakutana tena kwenye 45 tu. Ukiongeza 45 nyingine, kuba yako imerudi ilivyokuwa, maana kilele ni mraba. Umbo lenyewe limekunyima uhuru. Jina halina haja ya kutaja nyuzi. Ama msokoto upo, ama haupo.

FUNDI: Na kuba ya pembetatu?

MWALIMU: Kitako pande sita, hatua ni nyuzi 60, hatua mbili imerudi. Ya pembetano, kitako pande kumi, hatua ni 36, hatua mbili imerudi. Ni yale yale.

MJUKUU: Basi tumepata majina sita kwa bei ya moja. Pembetatu, mraba, pembetano, kila moja na msokoto au bila msokoto. Matano yamo kwenye orodha ya Johnson, kuanzia la 35 hadi la 39. La sita ndilo la Kepler.

MWALIMU: Ambalo lilikuwa na jina kabla hatujazaliwa sote. Hilo tulivue?

MPISHI: Mtu havuliwi jina bwana.

FUNDI: Liwe nayo mawili, Mwalimu. Moja la kitabuni, moja la kukatia.